Chakula cha mgonjwa wa figo kipimwe, kisikisiwe

Si ajabu kuikuta kadi ya mgonjwa wa figo, iliyojaa majina ya dawa na tarehe za kurudi kliniki, imemalizikia kwa maneno mawili yaliyoandikwa haraka haraka: "Zingatia mlo." Daktari aliyeyaandika hakukosea. Hata hivyo, mgonjwa anayeyasoma akiwa kituo cha basi, bahasha ya dawa mkononi, hajaambiwa kitu. Ni mlo upi huo? Aache nini, apunguze nini, na kile atakachokula badala yake akipate wapi? Nyumbani anangojewa na mke ambaye jioni hiyo hiyo hana budi kuinjika chungu, na chungu hakiinjikwi kwa maneno mawili.

Pengo hilo halikai tupu. Hujazwa na jirani, na shemeji aliyewahi kuuguza, na muuza mitishamba wa sokoni. Achukuliwe, kwa mfano tu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 50 na uzito wa kilo 60, ambaye shinikizo la damu la miaka mingi limekwisha kuziumiza figo zake. Wa kwanza atamwambia aache nyama, samaki, mayai na maharage, kwa kuwa protini inaua figo. Wa pili atamshauri anywe madafu mawili kila siku ili kuzisafisha. Wa tatu atasema chumvi ni sumu, kwa hiyo anunue ile ya dukani iliyoandikwa kwamba haina sodiamu. Mwalimu atayatii yote matatu kwa moyo mnyofu, na baada ya miezi michache atarudi hospitali amekonda, suruali inamvuka, na mapigo ya moyo yamepotea njia. Kila mshauri alimtakia heri. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyesomea kazi hiyo, ambaye angeyaona majibu ya damu yake kabla ya kumwambia ale nini.

Mtu huyo ni mtaalamu wa lishe. Nafasi yake katika matibabu ya figo si ya pambo, wala si ya kungojewa mpaka siku mgonjwa atakapolazwa kando ya mashine ya kusafisha damu. Yapasa ianze pale pale ugonjwa unapogunduliwa, wakati bado kuna figo ya kuokoa.

Wala ugonjwa huu si wa watu wachache walio mbali. Utafiti uliofanyika mwaka 2014 katika Moshi mjini na Moshi vijijini, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba watu wazima 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Mjini walikuwa 15 katika kila 100. Vijijini walikuwa 2. Miongoni mwa wale waliokutwa nao, ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyekuwa akijua kuwa anaumwa. Tarakimu za Moshi si za taifa zima. Lakini tofauti ile ya mjini na kijijini yafaa iwashughulishe wale ambao siku yao hupita juu ya kiti, kwa chai ya saa nne yenye supu na chapati mbili, na kurudi nyumbani kwa basi. Hao ndio watumishi wa serikali, na ndio walimu.

Figo mbili za mtu mzima, kila moja ikiwa na ukubwa wa ngumi, huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu yote huyarudisha mwilini. Kinachotoka nje ni mkojo wa lita moja na nusu hivi. Katika kazi hiyo hutolewa taka zitokanazo na protini, hupimwa chumvi, potasiamu na fosforasi, na hutunzwa kiasi cha maji. Zinapochakaa, na visababishi vikubwa ni kisukari na shinikizo la damu, kazi hiyo hupungua pole pole, pasipo maumivu. Madaktari huhesabu kwamba uwezo wa kuchuja ukikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu au zaidi, ugonjwa upo. Ukishuka chini ya 15, figo zimeshindwa. Kati ya 60 na 15 ipo safari ambayo kwa wengine huchukua miaka mingi. Ni katika safari hiyo ambapo chungu cha nyumbani, pamoja na dawa, kina uwezo mkubwa wa kuharakisha mambo au kuyachelewesha.

Nchi hii si ngeni katika elimu ya chakula. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai. Mwaka 1973 vile vile Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Vizazi vya wanafunzi vimekariri vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kuulinda mwili. Mafunzo hayo yalikuwa ya kweli na yangali ya kweli, kwa kuwa yalilenga jamii iliyokuwa ikipungukiwa. Walakini yalifundisha chakula cha watu wote, na ugonjwa wa figo ni mahali ambapo chakula cha watu wote huwa swali kwa mtu mmoja.

Mchicha unatosha kulieleza jambo hilo. Mwalimu wa sayansi kimu huwafundisha wasichana na wavulana wake kwamba mboga za majani zisikatwekatwe mno, zisichemshwe kwa muda mrefu, na maji yake yasimwagwe, maana humo mna vitamini na madini. Anafundisha sawasawa. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imejaa katika damu yake huambiwa kinyume chake kabisa: azikate ndogo ndogo, azichemshe katika maji mengi, ayamwage maji yale, kisha ndipo aziunge. Viazi na ndizi za kupika ni vivyo hivyo. Naye ameambiwa sawasawa, kwa sababu potasiamu huyeyuka na kutoka pamoja na maji, na potasiamu ikizidi katika damu yaweza kuusimamisha moyo. Tena upo ukweli wa tatu, ambao wengi hawaufikii: si kila mwenye ugonjwa wa figo ana potasiamu iliyozidi. Ambaye damu yake iko sawa, mboga na matunda humfaa, humpunguzia asidi mwilini na kumsaidia shinikizo la damu, na kumnyima ni kumwonea. Nani basi aamue katika hayo matatu? Karatasi ya maabara ndiyo inayoamua, na mtaalamu wa lishe ndiye anayejua kuigeuza karatasi hiyo kuwa chakula.

Kwa mizani hiyo, madafu ya yule mwalimu hayakuwa dawa. Kikombe kikubwa kimoja cha maji ya dafu chaweza kuwa na miligramu 400 za potasiamu au zaidi, sawa na ndizi mbivu ya ukubwa wa kadiri. Mwenye figo nzima huzitoa kabla ya jioni. Na ile chumvi isiyo na sodiamu aghalabu imetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, kwa hiyo aliyeikimbia chumvi ya kawaida amekwenda kuinunua hatari nyingine kwa bei kubwa zaidi. Huko Pwani na Visiwani yafaa kuongeza neno juu ya birimbi, ambalo wengi hulitia katika achari na mchuzi bila madhara. Katika jimbo la Kerala, India, madaktari waliandika mwaka 2013 habari za wagonjwa 10 waliopatwa na madhara makali ya figo baada ya kunywa juisi yake nzito. Tunda lile lina asidi ya oksaliki nyingi, nayo hugeuka chembe ngumu ndani ya figo. Kulitia tunda hilo mchuzini ni jambo moja. Kuligandamiza kuwa juisi kwa kuamini kwamba linatibu ni jambo jingine.

Habari ya protini ndiyo iliyoharibika kuliko zote mitaani, na inahitaji hesabu. Miongozo ya kitaalamu ya sasa humwelekeza mtu mzima mwenye ugonjwa huu, ambaye hajafika kwenye mashine, ale kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwalimu wa kilo 60 anahitaji gramu 48. Wengi hawafahamu kwamba ugali nao una protini: unga wa mahindi gramu 100 huwa na kama gramu 7 hadi 8. Akila ugali wa unga gramu 300 kwa siku, amekwisha kupata gramu 21 hadi 24, yaani karibu nusu ya haja yake, kabla hajagusa mboga. Kipande cha samaki cha gramu 70 humwongezea kama gramu 15, na nusu kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 7 hivi. Hesabu imekaribia kutimia, na mtu amekula samaki, amekula maharage, wala hakuonekana mezani kama mfungwa. Katika upande wa pili, robo kilo ya nyama choma isiyo na mfupa, ambayo rafiki wanne wa Jumamosi hawaioni kuwa kitu, peke yake hupita hesabu ya siku nzima. Kwa hiyo neno "acha" si neno la kitaalamu. La kitaalamu ni "kiasi gani".

Aliyeacha kila kitu hujiumiza mara mbili. Mwili usiopewa chakula cha kutosha hula misuli yake wenyewe, na taka za misuli iliyoliwa huishia katika figo zile zile alizokuwa akizihurumia. Ndiyo sababu mtaalamu wa lishe humpima mgonjwa uzito kila anapokuja, tena huuliza kama nguo zimelegea, kwa maana uvimbe wa miguu huweza kuidanganya mizani.

Kuhusu chumvi hakuna mabishano mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichofurika, na humo huhesabiwa chumvi yote, si ile ya kunyunyiza tu. Ugumu uko katika chumvi iliyojificha: ng'onda na papa mkavu, vidonge vya kukolezea mchuzi, mkate, supu ya kijiweni, chipsi za jioni. Wengine wamepunguza yote hayo, kisha wakaendelea kutia magadi katika maharage ili yaive upesi, au katika mlenda ili uteleze. Magadi ni sodiamu. Ulimi hauonji chumvi ndani yake, lakini mwili unaihesabu. Mtaalamu akikaa jikoni kwa maneno, akauliza maharage yanapikwaje na kwa muda gani, hulipata jambo hilo katika dakika tano. Kadi ya kliniki isingelipata kwa miaka mitano.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kazi yake na orodha ya makatazo inayobandikwa ukutani. Mtaalamu wa lishe aliye makini huanza kwa kuuliza: jana ulikula nini, tangu ulipoamka hata ulipolala? Na juzi? Nani hupika? Mnakula sinia moja au kila mtu na sahani yake? Mshahara huisha tarehe ngapi, na ukiisha mnakula nini? Kisha husoma majibu ya damu na ya mkojo, huuliza kama kuna kisukari, maana mwenye magonjwa yote mawili huweza kupewa mashauri mawili yanayogongana, na mwishowe hubadilisha jambo moja au mawili tu. Mathalani, fungu la mgonjwa litolewe chunguni kabla ya kutiwa chumvi, wengine wakoleze lao baadaye kwa ndimu, vitunguu saumu na pilipili manga. Mwezi ujao huangalia matokeo, akabadilisha jingine. Ni kazi ya uvumilivu, na haifanyiki kwa mgonjwa peke yake. Mpishi wa nyumba hiyo, awe mke, dada au binti mkubwa, hana budi kuwapo. Kumshauri mwanamume ambaye hajui hata chumvi huwekwa kabati gani, kisha kumwachia aipeleke habari nyumbani, ni kupoteza asubuhi ya watu wawili.

Pia lipo jambo ambalo lisiposemwa mapema huwaponza wengi. Siku figo zinaposhindwa na mgonjwa akaanza kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa juma na kila mara kwa saa nne hivi, kanuni hugeuka. Usafishaji huo huondoa taka, lakini pia hupoteza sehemu ya protini, na kwa sababu hiyo mtu yule wa kilo 60 aliyekuwa akizuiwa asizidi gramu 48 sasa hutakiwa ale gramu 60 hadi 72. Maji, ambayo pengine alikuwa akinywa apendavyo, sasa hupimwa, kwa kuwa yale yasiyotoka kwa mkojo hungojea mashine. Fosforasi nayo huja juu, hasa ile inayotiwa viwandani katika soda nyeusi na nyama za kusindikwa, ambayo mwili huifyonza karibu yote. Mgonjwa anayeendelea na masharti ya zamani kwa utii, yai lake akimpa mtoto, hudhoofika huku akidhani anafanya vizuri. Hakuna wa kumlaumu ikiwa hakuna aliyemwambia.

Taifa limepiga hatua kubwa katika upande mgumu wa ugonjwa huu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Ni fahari, na wanaostahili sifa wapewe. Lakini haifai taifa liwe na ujuzi wa kupandikiza figo huku likikosa ujuzi wa kumweleza mwalimu wa wilayani habari ya magadi. Moja huhitaji chumba cha upasuaji; jingine huhitaji meza, mizani, na mtu aliyesoma.

Na watu waliosoma wapo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hutoa wahitimu wa lishe, na halmashauri zina maafisa lishe. Ni kweli kwamba maafisa hao wamepewa kwanza kazi ya watoto, na haki ilikuwa hivyo: takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hakuna mwenye akili atakayetaka mtoto aachwe ili mtu mzima ahudumiwe. Walakini afisa lishe ambaye kazi yake yote ni taarifa za robo mwaka na maadhimisho, huku wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari wakipanga foleni katika hospitali ile ile bila kumwona, ametumiwa nusu. Kosa hilo si lake. Ni la wanaopanga ratiba na bajeti, na wengi wao ni watumishi wanaosoma maneno haya.

Yaweza kujibiwa kwamba si kila afisa lishe amefundishwa habari za figo, na jibu hilo lina uzito. Elimu ya kulisha jamii na elimu ya kumlisha mgonjwa ni ndugu, si kitu kimoja. Basi hospitali za rufaa zenye uzoefu ziwachukue maafisa wa wilaya kwa majuma kadhaa, wakae na wagonjwa, wasome majibu ya maabara pamoja na madaktari wa figo. Gharama yake haifikii ile ya semina moja ya hotelini, na faida yake hubaki wilayani. Daktari naye ajifunze kumpeleka mgonjwa kwa barua iliyo kamili: kreatinini kiasi gani, potasiamu kiasi gani, protini katika mkojo ipo au haipo, dawa zipi anatumia. Mtaalamu wa lishe asiyepewa tarakimu hizo amerudishwa katika kundi la majirani, atakisia kama wao.

Mtumishi mwenye shinikizo la damu au kisukari asingoje kuambiwa. Aombe kupimwa mkojo na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, na akiambiwa figo zimeguswa, aulize kwa adabu lakini bila haya: hapa mtaalamu wa lishe yuko chumba gani? Akijibiwa kwamba hayupo, amwandikie mganga mfawidhi. Chama cha walimu na vyama vya wafanyakazi, ambavyo hudai kwa haki posho na nyumba, havijapungukiwa na nafasi katika orodha ya madai yao ya kuweka na hili.

Siku ya kliniki ya shinikizo la damu na kisukari inajulikana katika kila hospitali ya wilaya. Afisa lishe awekewe meza yake siku hiyo, jirani na chumba cha daktari, na mgonjwa aambiwe mapema aje na mpishi wake.